Barua Hukatwa Kutoka Chini

Kwanza niseme: mimi na magazeti tulishakosana zamani, kwa hiyo msitegemee niyapambe. Lakini mwanamke huyu, ambaye ofisi nzima ilimwita Bi Barua, nitamtetea mpaka pale nitakaposhindwa. Na pale nitakaposhindwa mtapaona wenyewe.

Kazi yake ilikuwa kusoma barua za wasomaji. Miaka ishirini na miwili, meza ileile chini ya dirisha lisilofunguka, kisu cha kufungulia bahasha chenye mpini uliozungushiwa utepe wa gundi, na vikapu vitatu vya plastiki: cha barua zitakazotoka, cha zitakazosubiri, na cha matusi. Cha matusi ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote. Kila Jumatano ukurasa wa sita ulikuwa wa wasomaji, barua sita, na kila barua ilitoka na jina kamili la mwandishi, kazi yake na mtaa anaokaa. Bila jina hutoki. Na kabla hujatoka, Bi Barua alikupigia simu, akakusomea barua yako neno kwa neno, kisha akakuuliza swali lake moja: "Haya ni maneno yako?" Ukisema ndiyo, aliandika kwenye daftari lake jeusi, mbele ya jina lako, "Amekubali." Vijana wa habari za mtandaoni walimcheka, eti anapiga simu kama mtu anayeposa. Yeye akawajibu kwamba wao wanaoa bila kuposa, ndiyo maana wanaachika kila siku.

Nyumbani aliishi na baba yake. Mume alishafariki, watoto wako mbali, kila mmoja na maisha yake, na mzee macho yalikuwa yamemwisha kabisa. Enzi zake mzee alifanya kazi posta miaka thelathini, akipanga barua kwenye visanduku. "Mimi nimeshika barua za watu miaka thelathini na sijafungua hata moja," alipenda kusema. "Wewe nimekusomesha, ukaenda kulipwa kwa umbea." Basi Jumapili jioni Bi Barua alikuja na barua za wiki, mzee akikaa kwenye kiti chake cha kamba karibu na mlango wa jikoni, yeye akimsomea huku akimenya viazi. Hukumu za mzee zilikuwa fupi. "Huyo mwongo." "Huyo mkewe kamkimbia, anaisingizia serikali." "Huyo msomee tena, ana akili." Barua nyingi zilichaguliwa hivyo, na sidhani kama kuna gazeti lililowahi kuwa na jopo bora zaidi ya hilo.

Kipenzi cha mzee alikuwa Fundi Saa. Jina lake kamili ninalo, ila limeshachapishwa vya kutosha, tuliache. Alitengeneza saa za mkono na za ukutani kwenye kibanda chini ya ngazi za jengo la maduka, na kwa miaka kumi na minane alituma barua moja kila wiki, kwenye karatasi ya hesabu yenye vyumba vidogo, herufi moja kila chumba. Bi Barua hakuwahi kumwona. Alichokijua ni sauti yake kwenye simu, kavu na ya taratibu, na nyuma yake saa chungu nzima zikipiga kila moja kivyake.

Hakuwa mtu wa matusi. Aliandika juu ya taa za barabarani, foleni ya hospitali, choo cha soko. Na alikuwa na mtindo: alianza mbali. Aya ya kwanza salamu, ya pili sifa, wakati mwingine na ya tatu sifa, halafu pale chini kabisa, "Lakini." Baada ya hiyo lakini ndipo mtu alipotafuta pa kujificha. "Huyu anakukaribisha, anakukalisha, anakupa maji ya kunywa," mzee alisema akicheka hadi akakohoa, "ndipo anakwambia nyumba si yako."

Hapa lazima nieleze jambo la ufundi, vumilieni. Barua ikizidi nafasi, gazetini hukatwa kutoka chini. Watu wengi wakiandika huanza na jambo lao, kisha hubaki wakizungukazunguka kama mgeni aliyeshindwa kuaga, kwa hiyo ukiondoa mkia hujaharibu kitu. Mpangaji kurasa, ambaye kwa kupimapima kwake alibandikwa jina la Sentimita, alikuwa hata hasomi. Aliangalia imezidi kiasi gani, akakata chini, akaendelea. Fundi Saa peke yake ndiye aliyekatwa kutoka juu. Bi Barua alisimama mwenyewe nyuma ya kiti cha Sentimita kuhakikisha. Miaka kumi na minane, mkia wa Fundi Saa haukuguswa.

Sasa basi. Wiki tano kabla ya uchaguzi wa rais, Jumatatu asubuhi, gazeti likatoka na tamko ukurasa wa kwanza. Gazeti ambalo tangu kuanzishwa lilijisifu halina mgombea, leo lilimtaja mtu na kuwataka wasomaji wampigie kura. Ni nani, sisemi; mnao wa kwenu wa kutosha. Nani aliamua? Mhariri Mkuu alisema ni bodi. Bodi ilisema ni mwenye gazeti. Mwenye gazeti hakusema kitu kwa sababu alikuwa safarini, na watu wa aina yake wako safarini siku zote mambo yakiharibika. Bi Barua mwenyewe alilisoma tamko kituoni akisubiri basi, kama mimi na wewe. Mstari wa mwisho ulisema: "Tunajua wasomaji wetu wako pamoja nasi." Akalikunja gazeti na kulitia kwenye mkoba. Tumekwisha, alijisemea.

Kufikia Alhamisi mlinzi wa mlangoni alikuwa akileta barua kwa ndoo. Mtu mmoja alirudisha ukurasa wa kwanza umekatwa vipande vidogo ndani ya bahasha, na kila kipande kimeandikwa namba, ili waweze kuuunganisha vizuri na kujionea. Mwingine aliandika: "Baba yangu alinifundisha kusoma kwa gazeti hili. Leo nashukuru hayupo." Mama mmoja alituma kiatu. Kimoja. Cha pili alisema atakileta mwenyewe. Lakini waliomuuma zaidi Bi Barua ni wale waliompenda mgombea huyohuyo. "Mimi nilikuwa nimpigie tangu zamani," aliandika kinyozi mmoja, "sasa nikimpigia wataniona nimetumwa na nyinyi. Nani aliwaomba?"

Alizihesabu. Za kupinga tamko, mia nne na kumi. Za kuliunga mkono, kumi na tisa.

Jumapili hiyo barua ya Fundi Saa ilikuwa ya kwanza kusomwa. Nitawasomea na nyinyi, maana yote yanayofuata yanatokana nayo.

"Mhariri, salaam. Nimelisoma gazeti hili tangu ujana wangu, na limenifunza mengi kuliko darasani.

"Tamko lenu la Jumatatu limeandikwa vizuri na kwa ujasiri. Wachache husimama hadharani wakasema wanachokiamini. Mgombea mliyemtaja namheshimu. Ni mchapakazi, na sijawahi kumsikia akimtukana mtu.

"Lakini mteja akiniletea saa, kazi yangu ni kuifanya iseme kweli. Si kazi yangu kumwambia aende wapi saa ikifika. Siku nitakayoanza kumwambia, atajiuliza kama saa yake nimeitengeneza au nimeisogeza.

"Mgombea wenu sitampigia kura, si kwa ubaya wake, ila kwa sababu mmenisemea bila kuniuliza. Na kuanzia leo gazeti lenu silinunui."

"Rudia hapo pa kuisogeza," mzee akasema. Binti akarudia. Mzee akapiga paja. "Hiyo isipotoka, nyumba ya gazeti itiwe kufuli."

"Itatoka, baba. Nakuahidi."

Jumatatu akampigia mwandishi mwenyewe, akamsomea yote, akamuuliza kama ni maneno yake.

"Ni yangu, mama," alisema Fundi Saa. "Yote, mpaka nukta."

"Jumatano yatatoka, mzee wangu."

"Basi nakutegemea."

Jumanne mchana Mhariri Mkuu akamwita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, na hili naudhika kulisema. Alikuwa mtu mwenye vidonda vya tumbo na tai iliyolegea, mwenye kunywa maziwa kwenye kikombe cha kahawa. Alimwambia kwamba kesho ukurasa wa sita uwe tatu kwa tatu: barua tatu za kuunga tamko, tatu za kupinga.

"Bosi, ni mia nne kwa kumi na tisa."

"Ukurasa si sensa, dada."

"Na nikizikosa tatu?"

Mhariri akanywa maziwa yake. "Ukurasa hautoki. Usipotoka wiki hii hautoki tena, watu wa matangazo wameshauvizia. Sikutishi. Nakwambia nilichoambiwa."

Bi Barua akarudi mezani roho juu. Akazipanga zile kumi na tisa, akaanza kupiga simu. Muuguzi mstaafu akapokea, akasikiliza barua yake, akasema ni yake. Dereva wa lori akapokea, akasema ni yake na wasiopenda wahame nchi. Mbili hizo. Zilizobaki kumi na saba zilichapwa kwa mashine moja, na zote zilisema mgombea ni "mwanga katika giza la taifa." Akapiga namba ya kwanza. Mwanamume mwenye kikohozi akapokea.

"Naongea na mwalimu wa shule ya msingi?"

"Ndiye." Kikohozi.

Akapiga ya pili. "Naongea na mshona nguo?"

"Ndiye." Kikohozi kilekile.

Ya tatu ilitakiwa iwe ya mama wa watoto wanne. "Ndiye," ilisema sauti, ikakohoa, ikafikiri. "Yaani mumewe."

Bi Barua alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipomtoka akagundua hayakuwa ya kicheko. Akazibeba zote kumi na saba, akazitia kwenye kikapu cha matusi, akamrudia Mhariri kumwambia kwamba hata kama atamwaga unga leo hiihii, hizo hazitoki. Miaka ishirini na miwili hajachapisha barua ya mtu asiyekuwepo. Mhariri akamtazama kwa macho ya mtu aliyechoka. "Sawa, usizitoe. Lakini saa kumi nafunga ukurasa, na nataka tatu." Alipotoka mle ndani alikuwa akijivunia, mama wa watu, na alikuwa na haki. Hapo ningemtetea mbele ya hakimu yeyote.

Saa kumi kasoro dakika kumi alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Sentimita. Kwenye kioo cha kompyuta zilikuwepo barua tano: mbili za kuunga, tatu za kupinga, na ya Fundi Saa ikiwa mojawapo ya hizo tatu. Pengo la sita lilikuwa jeupe pe.

"Dada, ya sita iko wapi?" Sentimita aliuliza. "Halafu hii ya Fundi Saa imezidi. Sentimita saba. Nikate wapi, juu kama kawaida?"

Bi Barua akaiangalia. Sentimita saba. Kama zingetoka chini, zingeishia juu kidogo tu ya neno "Lakini." Kingebaki nini? Msomaji wa tangu ujana. Tamko la ujasiri. Mgombea mchapakazi, asiyemtukana mtu. Ingekuwa barua ya tatu ya kuunga mkono, nzuri kuliko zile mbili, ya mtu wa kweli mwenye jina na simu, na za kupinga za kujazia zilikuwepo mia nne kikapuni. Hakuna aliyemwagiza. Mhariri hakuwepo hapo. Aliliona kwa macho yake mwenyewe.

"Kata chini," akasema.

Sentimita akageuka. "Huyu si huwa..."

"Nimesema chini. Kama wote."

Hapa ndipo nilipowaambia nitashindwa kumtetea. Na yeye alijitetea vizuri tu, njia nzima kwenye basi: maneno ni yake, sijaongeza hata herufi, simu nilipiga, daftarini imeandikwa Amekubali, ukurasa umepona, kilichobaki nitakitoa wiki ijayo. Kila moja ilikuwa kweli. Ukizijumlisha zote ndipo unapoona uchafu.

Jumatano jioni mzee alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake. "Haya, Fundi," akasema. Bi Barua akafungua ukurasa wa sita, akasoma aya ya kwanza na ya pili. Akafika pale barua ilipoishia. Mzee akainua kidole kuingojea lakini yake, kama kawaida. Na binti, macho yakiwa kwenye nafasi tupu chini ya jina la mtu, akaendelea kusoma kwa kichwa, saa ya mteja, kuitengeneza na kuisogeza, mpaka mwisho. Hakukosea neno. Mzee akapiga paja kwa furaha, na usiku huo alilala vizuri.

Ijumaa simu ya mezani ikalia. Kwa miaka kumi na minane Fundi Saa hakuwahi kupiga yeye.

"Mama," alisema. "Mmenilisha maneno."

Alitamani kusema nafasi ilikuwa finyu. "Nitakuja, mzee," akasema, na Jumamosi akaenda.

Kibanda kilikuwa kidogo kuliko alivyofikiria, sanduku la kioo lenye upana wa mlango, chini ya ngazi, watu wakikanyaga juu yake siku nzima. Mtu alikuwa amebandika ukurasa wa sita kwenye kioo kwa nje na kuizungushia barua yake wino mwekundu. Juu ya benchi zilikuwepo kofia tatu mpya za kampeni za mgombea wa gazeti. "Zinaletwa usiku," alisema Fundi Saa. "Wananitania." Alikuwa mtu mwembamba, kioo chake cha kukuzia kimesukumwa juu ya paji la uso, shati limepigwa pasi. Mtaa mzima pale ulikuwa wa mgombea mwingine. Kwenye ubao nyuma yake misumari mingi ilikuwa mitupu, maana watu walikuja kuchukua saa zao, hata ambazo hajazigusa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa, mama." Akamsogezea kigoda. Yaani bado alimkaribisha, akamkalisha. Bi Barua aliingojea lakini yake kama anayengoja sindano.

"Pale palikuwa pa mdogo wangu," Fundi Saa akaonyesha ukuta wa mkabala, nje ya kioo, mahali palipobaki alama ya benchi sakafuni. "Anashona viatu. Miaka kumi na mmoja tumekaa tukitazamana, chai ya saa nne tunakunywa pamoja. Yeye ndiye anawapigia kampeni wale wengine hapa mtaani. Alhamisi kahamia upande wa nyuma wa jengo. Amesema hawezi kukaa na mtu aliyemuuza kwa jina kamili na anwani."

"Nitamweleza mimi. Nitamwambia kosa ni letu."

"Atakwambia umetumwa." Hakupandisha sauti. "Sitaki mniombe radhi, mama. Radhi haina kazi. Nataka aya zangu mbili zilizobaki zitoke, kabla ya siku ya kura. Baada ya kura ni karatasi tu."

"Jumatano. Nakuahidi."

"Na ile uliniahidi," akasema, akashusha kioo chake cha kukuzia jichoni na kurudi kwenye saa iliyokuwa mbele yake.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kuvua hata koti, aliingia kwa Mhariri na zile aya mbili mkononi. Mhariri alizisoma, akatabasamu pale pa kuisogeza, kwa sababu mtu wa magazeti ni mtu wa magazeti tu. Halafu akamrudishia. "Haiwezekani. Tukisahihisha barua leo, kesho watataka tusahihishe tamko."

"Basi itoke kama barua mpya, ukurasa wa sita."

"Ukurasa wa sita umeuzwa." Alisema akitazama kikombe. "Jumatano zote mpaka kura. Tangazo la ukurasa mzima."

"La nani?"

Mhariri akaonyesha kwa kidevu lile gazeti la tamko juu ya meza.

"Ulisema tatu kwa tatu, ukurasa unapona! Nilikuletea tatu!"

"Nilisema nilichoambiwa. Leo nimeambiwa kingine."

Akakaa bila kukaribishwa. Kumbe alimkata mtu wa watu bure. Hata kile alichodhani amekinunua hakupewa. Alifikiria kuandika barua ya kuacha kazi palepale, akamfikiria mzee na dawa zake za presha, akajua kwamba hataiandika. Na Mhariri alijua kwamba anajua.

Msidhani alilala. Alikwenda duka la fotokopi, akatoa nakala thelathini za barua nzima kwa mwandiko wa Fundi Saa mwenyewe, vyumba vidogo na kila kitu, akarudi kwenye lile jengo mchana kweupe akizigawa kwa mkono, ngazi kwa ngazi. Alimkuta mshona viatu upande wa nyuma. Mtu yule aliisoma yote, polepole, midomo ikicheza. "Hii ya chini gazetini haimo," akasema.

"Haimo kwa sababu tuliikata. Niliikata mimi. Ni mkono wa kaka yako huo, wewe unaujua."

"Mkono wake naujua. Kuandika baada ya kubanwa hata mimi ningeandika." Akamrudishia karatasi. "Kilichochapwa ndicho alichosema."

Hilo ndilo linanichoma mpaka leo. Watu walewale waliochana gazeti wakisema ni la uongo kuanzia jina mpaka bei, maneno pekee ya gazeti hilo waliyoyaamini ni yale ya Fundi Saa. Maneno ya wenye gazeti waliyatemea mate. Yake waliyashika, kwa sababu yalikuwa na jina.

Kura zikapigwa. Aliyeshinda alishinda, mimi simo. Siku ya tisa baada ya matokeo, Mhariri alimruhusu Bi Barua kuweka marekebisho. Ukurasa wa kumi na nne, chini ya matangazo ya vyeti vilivyopotea, mistari mitatu: "Katika barua ya msomaji iliyotoka ukurasa wa sita, sehemu ya mwisho haikuchapishwa kwa sababu ya ufinyu wa nafasi. Tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza." Zile aya mbili hazikuwemo. Kwa sababu ya ufinyu wa nafasi.

Kanuni yake ilimtaka ampigie mhusika kabla hayajatoka. Alipiga akiwa nyumbani, alasiri, uani, mzee akiwa amesinzia ndani. Simu ililia sana. Ilipopokelewa, nyuma ya sauti ile kavu hapakuwa na mlio wa saa hata moja. Fundi Saa alikuwa amefunga kibanda. Bi Barua alimsomea mistari mitatu, na ilipokwisha, hakujua aulize nini. Swali lake lilikuwa moja tu maisha yake yote.

"Umeridhika nayo, mzee?"

"Mama, mara ile uliniuliza kama ni maneno yangu, nikasema ni yangu, yote. Ikatoka nusu. Leo nikisema siridhiki, utaandika nini hapo kwenye daftari?" Hakungoja jibu. "Andika nimekubali. Usisumbuke."

Simu ikakatika. Bi Barua akafungua daftari jeusi juu ya goti, akatafuta jina, na kwa mwandiko wake mzuri akaandika mbele yake, "Amekubali."

Ukurasa wa sita haukurudi tena. Karatasi ya vyumba vidogo haikuja tena, wiki ya kwanza, wala ya tatu, wala ya saba. Bi Barua alihamishiwa kwenye meza ya matangazo madogo, na mzee hakuambiwa. Angeambiwaje? Ilipofika Jumapili aliketi kwenye kiti chake cha kamba, akageuza uso kule viazi vilikokuwa vikimenywa, akasema, "Haya, Fundi ameleta nini wiki hii?"

Na mwanamke huyu, ambaye alizitupa barua kumi na saba kwa kuwa wenyewe hawakuwepo, alichukua bili ya maji juu ya meza, akaifunua ili karatasi isikike, na akaanza kusoma. Mhariri, salaam. Akatoa salamu. Akasifu barabara mpya ya kwenda hospitali. Akamsifu meya, na wazibua mitaro. Alikuwa anaujua mtindo huo kwa moyo, miaka kumi na minane. Akasoma aya ya tatu, nayo ya sifa, akitafuta pa kutokea, na hakupapata. Akakunja bili.

Mzee alikuwa bado ameinua kidole.

"Endelea," akasema.

"Imeishia hapo, baba."

"Imeishiaje hapo? Lakini yake iko wapi?"

Bi Barua aliokota kiazi, akakigeuza mkononi, hakuona pa kuanzia kukimenya. Mzee akangoja. Halafu akakishusha kidole taratibu, akakiweka juu ya goti.

"Mtu huyo wamemfanya nini?" akauliza.